Mwaka mmoja na cherehani ya miguu ya mtumba, naisemea yote ninayoyajua

Habari zenu wapendwa. Nimekua nikiulizwa sana na kina dada hapa mtaani, "ile cherehani yako ya kukanyaga inafaa kweli au ninunue ya umeme?", na kila mara najibu nusu nusu nikiwa na nguo mkononi, sasa leo nimekaa naandika jibu zima. Nimeinunua Jumamosi tarehe 6 Januari 2024, kwahiyo mwaka umetimia na siku kadhaa juu, na nina daftari langu la vipimo ambalo nimeandika kila kazi iliyopita kwenye ile mashine toka siku ya kwanza, hivyo siongei kwa kukisia.

Nianze na ilikotoka. Oktoba 2023 nilipunguzwa kazi, nilikua keshia kwenye duka moja la jumla miaka sita, tukaambiwa biashara imeshuka, tukapewa mshahara wa mwezi na barua. Nina watoto wawili na naishi na mama yangu Mbagala, Dar es Salaam. Desemba tukavunja kikoba, mgao wangu ukaja laki nne na ishirini, nikalipa kodi ya miezi mitatu alafu nikabaki nazunguka na kilichobaki nakiogopa, mana hela ya namna hiyo usipoiwekea kitu siku tatu hauioni. Kushona nilikua najua kidogo tu, shangazi alinifundisha kushika sindano ya mkono na kukata foronya, basi.

Nikaenda Rangi Tatu, hapahapa Mbagala, kwa mzee mmoja anaekarabati cherehani kuukuu na kuziuza. Alikua nazo kama saba zimepangwa ukutani, nyeusi zile za meza ya mbao na miguu ya chuma, mbili zina maandishi ya dhahabu yanasomeka vizuri na hizo ndo ghali, hii yangu maandishi yamefutika kabisa, imebaki alama ya ua tu pembeni. Bei 170,000. Nikamwambia mzee wangu punguza, akasema mwanangu hii sipunguzi ila nakupa miezi mitatu, ikisumbua unakuja bure. Nikataka kumwachia, akaniita, akapitisha uzi akaanza kushona kwenye kipande cha khanga alafu kwenye kipande cha jinzi mikunjo minne, akanionesha mshono juu na chini. Mishono ilikua sawa pande zote. Nikalipa.

Huduma ya yule mzee naipa alama zote. Ndani ya ile miezi mitatu nilirudi mara nne, mara tatu kosa lilikua langu na hakunidai hata mia. Mara ya kwanza nilirudi nikiwa karibu kulia, uzi unakatika kila baada ya vidole viwili. Akaniambia kaa ukanyage nikuone. Nikakaa. Akasema "unairudisha nyuma". Yani gurudumu la juu linatakiwa lizunguke kuja kwako, na miguu ukiianza vibaya lenyewe linazunguka kwenda kule, uzi unajisokota chini na kukatika. Dawa yake ni kuanzisha gurudumu kwa mkono wa kulia kwanza, likishachukua mwelekeo ndo miguu inafuata. Kitu cha sekunde moja lakini mimi kilinila siku tisa.

Akanipa na adhabu, nikaiona adhabu kweli wakati ule. Akaniambia toa uzi wote, tafuta karatasi, shona karatasi bila uzi mpaka matundu yafuate mstari. Nikaokota mifuko ya saruji pale wanapojenga, nikaichana tabaka tabaka, nikachora mistari ya rula, alafu ya mviringo, alafu kona. Wiki mbili na nusu nakanyaga hewa. Mama alikua ananiangalia anapita na ndoo hasemi kitu, na mimi najua anachofikiria, hela ya kikoba imekua karatasi za saruji. Ila siku nilipoweka uzi tena nikashona foronya, mstari ukaenda wenyewe, na miguu ikawa inajua kupunguza inapokaribia kona bila mimi kuiambia.

Hiki ndo kitu cha kwanza cha kuisifia hii mashine na sitaki mtu akichukulie kidogo. Ya umeme unaigusa inakimbia, mwanafunzi anakimbizwa na mashine. Hii inaenda kama unavyoenda wewe. Ukisimama inasimama, ukitaka mshono mmoja unapata mmoja. Kwa mtu anaejifunza akiwa na umri wa miaka 34, mwoga, na kitambaa cha mtu mkononi, hiyo ni rehema.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ni kukata pindo la suruali, shilingi 1,000, tarehe 13 Februari. Ipo kwenye daftari nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Na nitawaambia ilikujaje, ilikuja kwa sababu ya giza. Mnakumbuka mwanzo wa 2024 mgao wa umeme ulivyotuweka, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi na hali kutulia. Mafundi wote wa mtaa wetu wana za umeme, wanakaa nje wanacheza bao wanasubiri urudi. Mimi mlangoni kwangu nakanyaga. Kaka mmoja anawahi usaili akaja na suruali yake, nikamwambia mi bado najifunza, akasema "wewe ndo unaeshona dada, wengine wamekaa". Wiki ile nilipata kazi kumi na moja, zote za kupunguza, kuziba na kubadilisha zipu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningeweza kuiruka lakini nikiiruka nitakua nimewadanganya.

Ramadhani ilianza Machi, na mimi kichwa kimeshaanza kuvimba, watu wameanza kuniita fundi. Nikapokea nguo za Idi. Moja, mbili, tano, mwisho zikawa 14, madera na gauni za kitenge na mbili za lesi, na kila anaekuja namwambia "utapata kabla ya sikukuu". Nilikua nasema hivyo kwa sababu fundi niliowajua maisha yangu yote wanasema hivyo. Njoo kesho. Njoo kesho kutwa. Bado vifungo tu. Sisi wote hapa tumelelewa na njoo kesho ya fundi, nikadhani ni sehemu ya ufundi kama mkasi na tepu.

Kumbe hii mashine haina uongo. Ina kasi yake na haiongezeki kwa sababu umeahidi. Dera moja mimi wakati ule lilikua linanichukua karibu siku nzima, gauni siku moja na nusu, hesabu yenyewe ilikua haiingii toka mwanzo na sikuipiga. Alafu kwenye kukimbizana nikakata kitenge cha mama mmoja, kina ndege wakubwa wa njano, kipande cha mgongo nikakikata kichwa chini, ndege wote wameelekeza miguu juu, na nimegundua nikiwa nimeshaunga mabega. Kitenge kile kilinigharimu 28,000 kukilipa.

Usiku wa kuamkia Idi nilishona kwa taa ya chaji mpaka adhana ya alfajiri. Nguo zilizoisha ni tisa. Asubuhi yule dada wa lesi akaja, amevaa khanga, anasubiri nguo yake aoge avae. Nikajifungia chumbani nikamtuma binti yangu, alikua na miaka sita, akamwambie mama hayupo. Akaenda akasema. Alivyorudi akasimama mlangoni ananiangalia, akasema, "mama, mbona upo?"

Sikushona siku nne baada ya hapo. Niliwazungukia wote watano nyumba kwa nyumba, nikawarudishia hela na vitambaa, wawili wakanisamehe palepale, mmoja mpaka leo tukikutana sokoni anageuza uso na ana haki yake.

Aprili hiyohiyo mvua zikatufika. Mnajua ile mvua ilivyokua, Rufiji maji yalifunika mashamba na hata huku kwetu mabondeni watu walihama. Kwangu maji yaliingia mpaka kisigino. Meza niliipandisha kwenye matofali, miguu ya chuma ikapata kutu kidogo ila kichwa cha mashine hakikuguswa. Nilisafisha na msasa laini na mafuta ya cherehani, na hapa naomba mnisikilize: mafuta ya cherehani, yale mepesi, sio ya kupikia. Ya kupikia yanaganda ndani yanakua kama gundi. Yule mzee aliniambia nusu ya mashine anazoletewa zimekufa kwa sababu hiyo tu. Mimi naweka matone kila Jumatatu, kila tundu alilonionesha mzee, nakanyaga dakika mbili bila kitambaa, nafuta. Spea nimenunua bobini sita (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini), kasha la bobini moja na mkanda. Spea hazisumbui kupatikana mana hizi cherehani nyeusi nyingi tunazoziona, za Kichina mfano wa Butterfly, zimefuata umbo moja la Singer ya zamani, kwahiyo kasha la bobini la hii mara nyingi linaingia kwenye ile. Na kazi ya ndani ni ileile, uzi wa juu unashuka unakamatwa na uzi wa chini, mambo ambayo Mmarekani Elias Howe aliyapatia hati 1846 na Singer akapata hati yake 1851. Kitu kimedumu hivyo kinakua hakina siri, fundi yeyote wa cherehani hapa mjini anaifungua akiwa anaongea na wewe.

Mwezi wa tano ndo nilianza kupima muda. Nilichukua saa ya simu, kila nguo naandika nimeanza saa ngapi nimemaliza saa ngapi, toka kukata mpaka pasi. Nilifanya hivyo wiki saba. Sikutarajia kama zitakua ndo wiki zilizonibadilisha kuliko kitu chochote mwaka huu, ila ndo hivyo. Mana kwenye ile mashine muda unatoka uleule, haikimbii leo ikalala kesho kwa sababu ya umeme, miguu yangu naijua. Shati la shule saa mbili na nusu. Sketi ya marinda saa moja na nusu. Dera likashuka mpaka saa tatu. Gauni ya kitenge yenye bitana na zipu ya mgongoni saa saba, na hiyo usiniombe kwa siku moja. Nikajua pia siwezi zaidi ya saa sita kwa siku, ya saba magoti yanauma na mishono inaanza kuyumba.

Nikaanza kuwaambia watu siku. Siku yenyewe, na saa. Unakuja na kitambaa, nafungua daftari, nahesabu mbele yako, nakwambia Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi. Wengine waliondoka, wakasema mbali sana, wakaenda kwa anaesema kesho. Iliniuma. Juni nilikosa wateja sita kwa njia hiyo nimewaandika. Julai wanne kati yao wakarudi.

Na siku ikitokea kitu kisichotegemewa natuma ujumbe mapema. Mfano mwishoni mwa Juni wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma wakafunga maduka, nilikua nahitaji zipu za rangi ya udongo na bitana, nikazunguka Mbagala yote hakuna. Nilimpigia mteja siku ileile nikamwambia kinachoendelea na siku mpya. Akajibu "asante kwa kunijulisha fundi". Mwaka mzima sijapata neno lililonifurahisha hivyo, nililisoma mara nyingi.

Mabaya yake sasa, mana review ya kusifia tu haimsaidii mtu.

Ni nzito. Kichwa peke yake mwanaume anakibeba kwa kukunja uso, na ile miguu ya chuma ukihama nyumba unahitaji mkokoteni. Haina zigizaga, inashona mstari ulionyooka tu, kwahiyo vitambaa vya kuvutika kama tisheti hapana, na matundu ya vifungo unafanya kwa mkono. Yangu hata kurudi nyuma hairudi, kufunga mshono unageuza kitambaa, unazoea ila mwanzoni inakera. Haifanyi oveloki, ile ya kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, napeleka kwa jirani mwenye mashine yake, shilingi 500 kwa nguo, hiyo hela ihesabu kwenye bei yako toka mwanzo, mimi miezi mitatu niliisahau nikawa nakula hasara ndogondogo. Mkanda wa ngozi unalegea, unakata kipande kidogo unaunganisha tena na kile kichuma chake. Ukilegea utaona unakanyaga gurudumu la chini linazunguka la juu linasita. Kitambaa cha shifoni na satini kinataka sindano nyembamba namba 11, na jinzi namba 16, usiwe na sindano moja ya kila kitu kama nilivyokua mimi, mishono inaruka alafu unailaumu mashine. Na mgongo. Tafuta kiti cha urefu unaokufaa kabla hujatafuta kitu kingine chochote, mimi nilikalia stuli ya jikoni mpaka Agosti na nilijiumiza bure.

Mwenye oda kubwa za sare za harusi, watu arobaini kwa wiki mbili, huyu anunue ya umeme ya viwandani wala asipoteze muda. Hii sio ya kwake.

Ukienda kununua ya mtumba angalia haya. Zungusha gurudumu kwa mkono taratibu, usikie kama kuna mahali linakwama. Shika ile fimbo inayobeba sindano uitikise kulia kushoto, ikicheza sana imekwisha. Tazama meno ya kuvuta kitambaa kama bado yana ncha. Toa kasha la bobini ulitazame kama lina mikwaruzo, mana mikwaruzo ndo inakata uzi. Gonga meza chini, isiwe imeliwa na mchwa. Angalia chuma cha miguu kama kimechomelewa mahali. Alafu ushone wewe mwenyewe, sio muuzaji, kitambaa chembamba na kizito, na ugeuze uone chini. Vitanzi vikiwa chini uzi wa juu umelegea, hiyo ni skrubu tu isikutishe.

Novemba nilikua nipeleke hela Kariakoo kununua tetroni za sare za shule kwa jumla. Ilikua Jumamosi ile, tarehe 16, lile ghorofa likaporomoka. Nilichelewa kutoka nyumbani kwa sababu mtoto mdogo aliamka na homa. Sikuwa naenda jengo lile na sisemi kwamba ningekua pale, ila mitaa ni ileile na watu wanaofanya kazi pale ni wale tunaonunua kwao uzi na vifungo kila wiki. Nilikaa mbele ya mashine siku mbili sikuweza kukanyaga. Mungu awapumzishe wote waliotutoka.

Desemba nikafungua daftari kwa ajili ya sare. Nikahesabu kwa pea, shati na sketi au shati na kaptula, saa nne kila pea, saa sita kwa siku, nikatoa Krismasi na siku tatu za kuumwa hata kama siumwi. Ikaja 32. Mtu wa 33 alipokuja ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu aliyenikopesha unga Oktoba ile niliyopoteza kazi. Nilimwambia dada yangu nimejaa, nitakupeleka kwa fundi ninaemwamini na nitakatia mimi. Sikulala vizuri usiku ule. Lakini pea zote 32 ziliisha, ya mwisho ilipigwa pasi tarehe 3 Januari jioni, na wenyewe walikuja siku walizoandikiwa wakakuta nguo zinaning'inia. Ufundi 7,000 kwa pea, hesabuni wenyewe, nikitoa oveloki na uzi na mkaa wa pasi bado ni hela ambayo ile Oktoba nisingeamini itatoka mlangoni kwangu.

Kati ya zile 32 moja ni ya binti yangu. Ameanza darasa la kwanza mwezi huu. Yeye nilimpimia kama mteja, akasimama amenyoosha mikono, nikaandika jina lake na siku ya kuchukua, Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa usiku ilikua bado kola. Mama akaniambia huyu ni mwanao, atasubiri. Nikawasha taa nikamalizia kola. Jumamosi saa nne kasoro akaja kusimama pale pale mlangoni, hajasema kitu, nikamkabidhi. Pindo la sketi nimemuachia vidole vinne kwa ndani, anarefuka vibaya huyu.

Kwa alama, mashine naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa uzito na kwa kutorudi nyuma. Kwa anaeanza, mwenye hela chini ya laki mbili na umeme wa kubahatisha, sijaona kinachoishinda. Mwaka huu naweka akiba ya oveloki ya mtumba, yule mzee ameshaniambia akipata nzuri ataniita, na hii nyeusi siiuzi, naombeni msiniulize tena bei.

Kesho nabadilisha mkanda, umeanza kusita. Yule dada wa lesi wa Idi ile aliniletea kitambaa kingine juzi. Nimemwandikia Ijumaa, baada ya swala ya mchana.